Mmea Ulioshika Nondo

Usinikwepe. Angalia vifungo vya shati lako. Kuna mtu kavishona, na wewe umepita chini ya chumba chake kila asubuhi, ukaona madirisha yote mawili, siku hizo, yamezibwa kwa maboksi, ukainamia simu. Sisi hatusahau. Maboksi yale yalipangwa wiki ileile fundi wa kushona mikono ya mashati alipozimia kwa joto, akarudishwa kwao na barua ya kumwachisha kazi.

Aliyeshona vifungo ni Mama Vifungo, mwaka wa kumi na tisa kwenye kiti kilekile. Macho yalikuwa yanamtupa mkono chini ya taa moja inayosinzia. Msimamizi alishamrudishia mashati mara mbili, vifungo vimekaa upande. "Ya tatu, mama, utapumzika nyumbani," alisema, kama mtu anayetoa zawadi. Na kila alipoomba dirisha lifunguliwe, jibu lilikuwa moja: "Maboksi tuyaweke wapi, kichwani kwako?"

Kisha tajiri, mwenye kiwanda, akaleta mmea.

Aliupandisha ngazi mwenyewe, kaukumbatia kama mtoto mwenye homa. Ulikuwa wa marehemu mama yake, mmea wa kutambaa, majani manene kama ngozi ya kiatu, shina likining'inia ovyo. Kwa mama yake ulitoa maua kama ya nta. Kwake, miaka sita, hakuna kitu. Alikuwa amesikia Mama Vifungo ana mkono wa mimea.

"Nani anaupogoa?" Mama Vifungo aliuliza.

"Mimi. Naondoa vile vijiti vikavu. Vinakaa bure."

"Sasa baba, si ndivyo vinavyotoa maua! Ua likidondoka kijiti kinabaki, msimu ujao kinachanua palepale. Unavikata, halafu unangoja maua yatoke wapi?"

Jirani yake wa cherehani, ambaye kwa sauti yake tulimwita Kipaza, akasema bila kuinua kichwa: "Hapa ukionekana umekaa tu unakatwa. Mmea nao ungejuaje?"

Tajiri akajifanya hakusikia. "Unahitaji nini?"

"Kitu cha kuparamia. Ninunulie nguzo."

"Nguzo ya nini, mmea tu huu? Tumia kilichopo."

"Na mwanga."

Tajiri akavua koti. Mbele ya macho yetu akaanza kushusha maboksi ya dirisha la karibu, moja moja, jasho likimtoka. Cherehani zikanyamaza.

"Kumbe yanashuka," Kipaza akanong'ona, na mnong'ono wake ukafika barabarani.

Mama Vifungo hakucheka. Kwa ajili ya macho yake dirisha halikufunguka; kwa ajili ya majani, dakika kumi tu. Lakini siku hiyo alitunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu.

Tumia kilichopo. Kilichopo kilikuwa nondo za dirisha. Alichana mabaki ya kitambaa, akafunga shina kwa kulegeza, utepe ukipita katikati ya shina na chuma kama namba nane, lisichubuke. Hakulipandisha wima, maana lingekimbilia darini na majani matupu. Alililaza, akalizungusha pembeni mwa dirisha, katikati akapaacha wazi. Msimamizi alikuja na mkasi, akashika ncha ndefu isiyo na jani. "Hii imekufa."

"Haijafa. Inatafuta pa kushika. Toa mkono."

Miezi minane, kila mapumziko ya mchana, akina mama walipokezana kufunga. Mashati hayakurudishwa mara ya tatu. Vijiti vikavimba, vikatoa vishada vya nyota nyeupe, na chumba kizima kikanukia.

Tajiri alipoyaona maua alifuta macho. Hilo hatumnyimi. Kisha akasema, "Jumatatu mmea uhamishiwe ofisini kwangu." Msimamizi akawa keshabeba boksi kulirudisha dirishani.

Mama Vifungo akaweka sindano chini. "Hauhamishiki, baba. Umeshika nondo chini mpaka juu, ukiubandua unakatika. Ukiuzibia mwanga, maua yanapukutika."

"Nani alikwambia uufunge hapo?"

"Wewe. Ulisema nitumie kilichopo."

"Karibu uutazame hapahapa," Kipaza akasema. "Kiti tunacho."

Tajiri akainama, akanusa kishada kimoja cha mmea wa mama yake. Kisha, bila kugeuka: "Hilo boksi lipeleke stoo."

Kesho yake Mama Vifungo alipanda kwa tajiri, na nyuma yake chumba kizima. Walidai mambo mawili: dirisha la pili, na fundi wa mikono arudi kazini. Tajiri alizoea kusema hapana kabla hujamaliza. Safari hii alisema, "Nipeni wiki."

Wiki inaisha leo. Dirisha la pili bado lina maboksi, na wewe bado uko chini. Weka simu mfukoni. Panda ngazi, ukamate boksi la kwanza. Sasa hivi.