Kidole cha Shangazi

Njia ya mwongo ni fupi, na ya karani wa wodi ya wazazi ilifika mwisho saa nne asubuhi, gari la wageni lilipoingia getini.

Ndani alikuwamo Sista, muuguzi mgeni aliyekuja zamani na wamisionari, akazalisha akina mama bega kwa bega na shangazi wa karani, mkunga asiyejua kusoma wala kuandika. Aliporudi kwao hakutulia, mpaka mji wake na mji huu ikawa miji dada. Vitanda vya wodi vilitoka huko, na dawa pia. Na kila mwezi barua ilikwenda: shangazi akisema, karani akiandika, kisha kidole gumba cha shangazi kwenye wino, badala ya sahihi.

Shangazi alifariki miaka sita iliyopita. Siku ile alimng'ang'ania karani mkono. "Barua zisikome, mwanangu. Zikikoma, watatusahau."

Basi hazikukoma. Karani aliendelea kuandika kwa jina la marehemu, akabandika gumba lake mwenyewe. Kidole ni kidole, alijiambia, nani atakikagua?

Leo Sista alikuja na mkataba mpya wa miaka kumi. Mji wake ulitaka alama ya gumba la mkunga, la sivyo misaada basi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Umenenepa wewe! Rafiki yangu yuko wapi?"

Karani alishapanga kusema amesafiri. Lakini bibi wa watu alikuwa amechana nywele vizuri kwa ajili ya kumwona mwenzake, na karani akaghairi.

"Nisamehe, Sista. Shangazi alikufa, mwaka wa sita huu. Barua zote za tangu hapo nimetunga mimi, na gumba ni langu."

Sista hakulia. Alifungua mkoba, akatandaza barua za mwaka huu mezani, kando ya mkataba.

"Acha utani. Kovu hili ni lake. Jeraha nilimshona mwenyewe, siku chupa ya dawa ilipompasukia mkononi. Nyuzi tatu."

Kila alama ilikatwa katikati na mstari mweupe. Karani akalikodolea macho gumba lake. Halikuwa na hata mkwaruzo.

"Haki ya Mungu, Sista, ni mimi! Tazama!"

Akachovya wino, akagandamiza kwenye karatasi ya kwanza aliyoiona. Alipotaka kuinua mkono, haukuinuka. Kitu kilikuwa kimeulalia kwa juu, baridi, kikinuka sabuni ya wodini, kwa uzito ule ule wa shangazi alipokuwa akimfundisha kufunga kitovu cha mtoto. Kisha kikamwachia.

Karatasi ile ilikuwa mkataba. Alama ilikaa mahali pake hasa, na mstari mweupe katikati.

Sista aliupuliza wino taratibu mpaka ukakauka.

"Hujambo, mwenzangu?" alisema.

Karani alifungua mdomo ajibu, akaufumba. Sista alikuwa akitazama nyuma ya bega la karani.