Ngazi ya Nyumba ya Gavril

Jumatatu saa mbili asubuhi Ilarion, fundi wa sakafu, alivua viatu mlangoni, akaingia na soksi, akahesabu vidato vya ngazi. Vilikuwa kumi na vinne. Aliandika hesabu hiyo kwa penseli kwenye boksi la vibao vya lamineti vya kutandika sakafuni, kisha akayalaza maboksi yote kwenye ukumbi wa kuingilia na kwenda zake. Vibao hivyo havitandikwi siku ile ile. Hulala ndani siku mbili vizoee hewa ya nyumba, la sivyo huvimba baadaye na kuachana.

"Na hiyo hewa ipo?" aliuliza Safta kabla fundi hajaondoka. "Humu hajalala mtu tangu paa liezekwe."

"Hewa ni hewa, mama. Vitazoea tu."

Nyumba ilikuwa ya Gavril, mwana pekee wa Safta, aliyekuwa akimwaga zege ughaibuni, huko Torino, mwaka wa kumi na moja sasa. Ilikuwa na ghorofa moja, vyumba tisa, na simba wawili wa saruji getini, kama nyumba nyingine za kijiji hicho karibu na mji wa Rădăuți. Safta mwenyewe aliishi jiko la uani, nyuma, kwenye chumba kimoja chenye kitanda, jiko la kuni na ukuta uliolowa hadi kiunoni. Baridi iliyopita alikohoa mpaka Pasaka. Daktari alimwambia waziwazi kwamba baridi nyingine mle ndani mapafu yake hayataivuka.

Gavril alikuwa ameahidi kumpa mama yake chumba cha juu, chenye jiko kubwa la vigae la kupashia chumba joto. Angemwingiza kwa mkono wake, sakafu ikiisha, atakapokuja Agosti. Kabla ya hapo Safta atunze ufunguo, afungue madirisha, asikae ndani. Safta alikubali, akaahidi.

Jumatano Ilarion alirudi, akahesabu vidato kumi na vitano. Alivihesabu tena akishuka. Kumi na vitano.

"Jana Gavril kapiga simu," Safta alisema, akimwekea sahani ya ugali wa mahindi na jibini ya kondoo. "Agosti haji. Kasema Septemba."

"Na kidato?"

"Kila akisema haji, kinaota kimoja. Mwanzo vilikuwa tisa tu. Kula, ugali unapoa."

Ilarion alikula. Kisha akakata ile kumi na nne kwa penseli, akaandika kumi na tano.

Alianza na ukumbi. Alitandaza sponji nyembamba, akapanga vibao kuelekea dirishani, akaacha mwanya wa kidole kando ya kuta ili sakafu ipate pa kutanukia. Alhamisi akapanda ngazi. Yeye huanza juu na kushuka, asije akakanyaga gundi mbichi. Kwenye kila kidato alibandika kibao cha kusimama na cha kulala, akamalizia kwa ukingo wa alumini ili mtu asiteleze. Alasiri, alipobandika kidato cha chini kabisa, simu ililia jikoni kwa Safta; Gavril alisogeza tena, mwisho wa Septemba. Alipoinua macho aliona kidato kipya juu kabisa, chini ya mlango wa chumba. Kilikuwa saruji tupu.

Ijumaa asubuhi alimpigia Gavril yeye mwenyewe.

"Kaka, usimpigie mama mpaka Jumapili. Gundi inataka siku mbili."

"Simu yangu inaharibu gundi yako?"

"Inaongeza vidato."

"Basi vitandike, fundi! Mimi nilisema ngazi yote."

"Chumba kiko tayari. Mruhusu mama alale humo."

"Bila mimi? Majirani wanione mimi nani? Nitamwingiza mwenyewe kwa mlango wa mbele, padri anyunyize maji ya baraka, watu wale na wanywe. Mwambie Septemba siwezi, tumepata kazi nyingine. Krismasi."

Nyuma ya Ilarion kulisikika sauti fupi, kama ya droo inayofungwa. Hakugeuka. Alichukua msumeno.

Mchana alifika padri Teofil kuonyeshwa ngazi. Aliipanda hadi juu, akashuka akihema.

"Safta," alisema, "ahadi uliyompa mtoto si kiapo mbele ya Mungu. Panda ulale."

"Mungu ananielewa, baba. Gavril ndiye hajui kuelewa."

Padri aliomba maji ya kunywa, akabariki ukumbi, akaondoka.

Safta akamgeukia Ilarion. "Nipimie ile kona ya ngazi. Jeneza litapita?"

Kijijini hapo maiti hulazwa siku tatu kwenye chumba bora cha nyumba, na chumba bora cha nyumba hii kilikuwa juu. Ilarion alipima kona, akapima mara ya pili.

"Wabebaji wakiinua upande wa miguu, litapita."

"Kwa hiyo kuingia nitaingia," Safta alisema, akaenda kuchanja kuni.

Jioni Ilarion alifungasha vifaa vyake. Kwa kuwa hangeweza kurudi kila simu ilipolia, aliacha maboksi mawili, gundi, kingo za alumini na msumeno mdogo wa mkono. Alimwonyesha Safta namna ya kupima na kukata, na namna ya kukandamiza kibao huku akihesabu mpaka mia.

"Siwezi kusali badala ya kuhesabu?"

"Baba Yetu tatu zinatosha, mama. Usiharakishe."

Gavril hakuja Krismasi. Alisema Pasaka, halafu akasema baada ya Pasaka, kisha akasogeza mara tatu nyingine. Theluji ilipofika madirishani ngazi ilikuwa na vidato ishirini na viwili, na vile vitano vya juu alikuwa amevitandika Safta mwenyewe akiwa amepiga magoti. Kingo zake zilinyooka vya kutosha. Siku aliyobandika cha ishirini na mbili, mlango wa chumba ulikuwa wazi mbele yake, kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, umbali wa mkono tu. Alikandamiza kibao, akasali Baba Yetu tatu, akikatiza mara mbili kukohoa. Kisha akafuta vumbi la msumeno kwa leso yake na kushuka kinyumenyume, kidato kwa kidato, akifuta alama za soksi zake mpaka nje.