Shefali wa Ghorofa ya Tisa

Jumanne asubuhi Shefali Mondal alifika Ballygunge, mtaa wa matajiri wa Kolkata, na samaki wa hilsa kwenye mfuko, goti la kushoto limemvimba. Alikuwa ameshuka treni ya kutoka kwao Canning, akapitia sokoni kama alivyoagizwa. Fleti aliyofanyia kazi ilikuwa ghorofa ya tisa. Lifti ilikuwapo, nzima, ina kioo na feni, lakini ilikuwa ya wenye fleti, wageni wao na mbwa wao. Watumishi walipanda ngazi.

Mwenye fleti, Bwana Nirupam Lahiri, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Chuoni aliwahi kuwa mkomunisti, jambo alilolitaja kila akinywa chai. Sasa amestaafu, na kazi aliyojipa ni kuwatambulishia wageni wa nchi za nje jiji la Kolkata na utamaduni wake. Mkewe, Sutapa, alitaka Shefali amwite Boudi, yaani mke wa kaka, maana kwao mtumishi ni ndugu. Kikombe cha ndugu huyo kilikaa chini ya sinki, kando ya dawa ya mende.

Siku hiyo Shefali alikanyaga ngazi ya kwanza, goti likakataa. Akatoka nje kupumua. Hapo nyayo zake zikaachana na ardhi, akapanda polepole kando ya ukuta, akipita sari zilizoanikwa. Goti halikuuma hata kidogo. Alipofika usawa wa ghorofa ya saba aliiona reli ya kwao ikinyooka kusini kati ya mabwawa, akatabasamu peke yake. Miaka yote aliyosafiri kwa reli hiyo, hakuwahi kujua kwamba ni nzuri. Akatua kwenye roshani.

"Umechelewa," Boudi alisema. "Na hayo maua umeyakanyaga."

Kuanzia hapo akawa anapaa kila siku. Kamati ikakutana. Daktari wa ghorofa ya nne alilalamika kwamba anaonwa akinyoa ndevu. Mwalimu wa muziki akasema kunguru wameanza kiburi. Mjane mmoja akauliza kama Shefali hangeweza kupangusa madirisha, kwa kuwa yuko huko huko nje, na wazo hilo likawafurahisha wote. Habari za goti hazikuulizwa. Shefali akakabidhiwa kitambaa na ndoo.

Jumamosi wakaja wageni kutoka Ujerumani. Bwana Lahiri akawalisha hilsa wa haradali, kisha akaanza utangulizi wake. Aliwaambia kwamba Delhi ina madaraka na Mumbai ina pesa, ila Kolkata ndiyo yenye roho. Hapa hata wauza samaki hubishania mashairi. Na mambo ya tabaka, ya nani ale na nani, yameachiwa wasiosoma. Alipofika hapo, Shefali akapita nje ya dirisha na ndoo yake.

Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo, akaweka uma chini. "Yule ni nani?"

"Shefali wetu. Ni kama mtu wa familia."

"Mbona hatumii lifti?"

Bwana Lahiri akajipangusa mdomo. "Mama, hili ni jiji la uhuru. Hatujamzuia mtu kupanda."

Wageni wakaliona jibu hilo lina hekima, mmoja akamwomba alirudie. Shefali, asiyejua Kiingereza, aliona anatazamwa, akawapungia kitambaa.

Wageni walipoondoka alimwendea Boudi jikoni. Mvua zilikuwa karibu, na upepo tayari ulishamsukuma mara mbili hadi kwenye nyaya za umeme.

"Boudi, mvua zikianza, naomba nipande na lifti."

"Wewe nawe. Umepewa mbawa, sasa unataka na lifti?"

"Sina mbawa, Boudi."

"Basi usiringe."

Mvua zilipoanza, watumishi wengine wa jengo nao walikuwa wanapaa: mpishi wa daktari, dobi, na yaya wa mapacha wa ghorofa ya kumi. Kamati ikatoa amri, na Ramashray, mlinzi wa geti, ndiye aliyemfikishia Shefali.

"Mmekatazwa mbele, dada. Mnaharibu sura ya jengo. Wa kupaa waende nyuma, kwenye mapipa ya taka, mmoja mmoja."

Shefali akamuuliza kama ni hata kwenye mvua hii. Ramashray akatazama chini, akasema ndivyo alivyoambiwa. Shefali akajitanda ncha ya sari kichwani, akazunguka nyuma. Aliwakuta wenzake wamesimama matopeni, maji yakiwachuruzika, akauliza nani wa mwisho, akashika foleni.