Rubani Asiyefutwa Daftarini

Kila siku saa kumi na moja jioni Erchie Lamont, mgawa vyakula wa meli ya Ardmoray, alipanga mezani chupa za bia za watu wa ndege. Chupa moja kwa mtu, na ya pili usimwombe, atakutukana. Ardmoray ilikuwa meli ya ngano. Vita vilipopamba moto na nyambizi za Wajerumani zikawa zinaimaliza misafara ya meli za Atlantiki, iliwekewa sitaha ndefu ya chuma juu, ikapewa ndege nne za kuulinda msafara, na ngano ikabaki tumboni vilevile. Marubani walikuwa wanajeshi, lakini walisaini daftari la mabaharia kama watu wengine wa meli. Sheria ya meli za biashara ndiyo hiyo: asiyesaini hapandi, asiyefutwa hashuki. Bia ilikuja na hiyo saini.

Jumanne moja ya Februari 1944, ndege ya Crawford Gilfillan ilizimika injini meli ikiwa inaonekana kabisa, ikaanguka baharini. Wenzake wawili waliokolewa na meli ndogo ya nyuma. Yeye alizama na mkanda wake kifuani. Ijumaa jioni akarudi.

Purdie, mwelekezaji, alikuwa kwenye nafasi yake ukingoni mwa sitaha na vibao vyake viwili. Akivinyoosha huku na huku, rubani anatua. Akivipishanisha juu ya kichwa, maana yake bado, zunguka tena. Alihesabu ndege, akapata nne, akavinyoosha. Crawford alitua vizuri kuliko alivyowahi kutua akiwa hai. Vijana wa sitaha wakaifunga ndege kamba, wakalalamika kwamba ina magugu ya baharini.

"Wee Crawford, unaniloweshea zulia!" Erchie alisema.

"Nisamehe, kaka. Bia yangu ipo?"

"Ipo. Jina lako si bado limo?"

Crawford aliishika chupa, asiinywe. "Nimechoka, Erchie. Nataka kulala kama waliokufa wengine. Mwambie mzee anifute."

Nahodha alilifungua daftari, akalitazama, akalifunga. "Siwezi kumfuta hivi hivi. Lazima ofisi moja huko nchi kavu ikubali kwamba aliyekufa ni mtu wake. Bila karatasi hiyo mimi ni nani?"

Basi kila jioni akawa anatua, na kabla ya mapambazuko anaondoka. Haikumfurahisha mtu. Erchie ilimuuma sana, maana sauti ya yule kijana ilizidi kuwa ndogo.

Walipofika bandari ya Greenock, Erchie alikwenda na Mama Gilfillan, mamake Crawford, mjane aliyefanya kazi kiwanda cha kamba, kuitafuta karatasi. Ofisi ya wanajeshi ikasema kijana alisaini daftari la meli ya biashara, si wao. Ofisi ya mabaharia ikasema alivaa sare ya jeshi, si wao. Walimpiga danadana mwaka mzima yule mama.

"Vumilia, mama," karani mmoja alimwambia. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama mpaka mgongo umekatika, na mvunguni mwenu hamna kitu!"

Vita vikaisha. Ardmoray ikang'olewa sitaha yake ya juu, ikarudi kubeba ngano tu. Baada ya safari ya kwanza Erchie alipanda ngazi za Mama Gilfillan, kofia mkononi.

"Mama, alikuja. Alizunguka juu yetu mpaka giza likaingia. Hana pa kutua."

"Basi atakuja kwao," alisema mama, akaweka birika jikoni.

Alikuja kweli. Kila jioni alizunguka juu ya uwanja wa nyuma, kati ya mabomba ya moshi ya jirani.

"Mama Gilfillan, mwanao ananidondoshea mafuta kwenye mashuka!" jirani alipiga kelele dirishani.

"Kashtaki ofisini! Ukiijua ni ipi, uniambie na mimi!"

Mwaka uliofuata yalifunuliwa mawe mawili ya majina pale ufukoni, la wanajeshi na la mabaharia. Mama Gilfillan alivaa koti lake la kanisani, akayasoma yote mawili kwa kidole, kuanzia juu hadi chini, kisha akarudia. Jina la Crawford halikuwamo. Wakuu walikuwa wakipeana mikono. Erchie alimshika kiwiko wakarudi nyumbani.

Jioni hiyo mngurumo ulisikika kutoka upande wa bahari. Mama akatoka uwanjani na mifuniko miwili ya sufuria, akasimama kati ya kamba za nguo kama Erchie alivyomfundisha. Ndege ikashuka, ikakaribia, maji yakaanza kumdondokea usoni. Akainua mikono, akaipishanisha mifuniko juu ya kichwa chake.

"Bado, mwanangu," alisema. "Zunguka tena."