Kofia ya Lori la Hénock

Siku kofia ilipofungwa juu ya kabini ya lori la Hénock Kazadi, mkewe Florentine alikuwa amemletea bukari, yaani ugali, kwenye maegesho ya kampuni ya malori, na bukari ikapoa akisubiri. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Dimitri, fundi wa magari, alipanda juu ya kabini, akatoboa matundu, akaweka vipande vya mpira ili mvua isiingie, kisha akasimamisha bamba jeupe la plastiki lililopinda kama kijiko. Akavuta uzi kutoka ukingo wa bamba hadi pembe ya juu ya tela, akafumba jicho moja, akalilaza bamba kidogo. Hénock mwenyewe ndiye aliyemshikia spana, akicheka peke yake.

Alikuwa na sababu ya kucheka. Tela lake lilikuwa refu kwenda juu kuliko kabini, na kila alipotoka Kolwezi na mzigo, uso wa tela ulipigana na upepo njia nzima na lori likanywa mafuta ya mazout bila adabu. Kofia ingeuinua upepo na kuupitisha juu. Na madereva wa Kolwezi wana desturi ambayo hakuna mkubwa aliyewahi kuiruhusu wala kuikataza: mazout inayobaki tangini mwisho wa safari ni ya dereva. Huchotwa kwa mpira, huuzwa kwenye bidoni, madumu ya plastiki, kando ya barabara, na humo ndimo hutoka sabuni na samaki wa Jumapili. Hénock aliona bidoni zikiongezeka mbele ya macho yake. Florentine, Mungu amsamehe, aliona viatu vipya vya Gloire, binti yao wa mwisho.

Malori mengine nayo yalipokwisha kuvaa kofia, kesho yake kampuni ikapunguza mazout ya kila lori. Ilipunguza kile ambacho kofia ingeokoa, ikaongeza kupunguza kidogo kwa ajili ya zile bidoni. Wakubwa si wajinga hata kidogo. Huwa wanaonekana hivyo tu wanapoulizwa habari za vumbi la malori yao.

Bidoni zikaisha, na hilo lingetosha kuwa hasara. Lakini upepo nao ulikuwa haujafa kwa sababu tu umeinuliwa. Ulipita juu ya matela, ukajikuta hauna kazi, ukatafuta pa kukaa. Nyumba ya Florentine ndiyo ya kwanza kwenye kona ya barabara ya malori. Asubuhi moja upepo uliingia kwa mlango wa jikoni na haukutoka tena. Haukuwa dhoruba. Ulikuwa upepo wa lori lenye mzigo, wenye harufu ya tairi, ukivuma kwa mwendo mmoja mchana kutwa, na ulilegea tu pale malori yaliposimama foleni kwenye kizuizi cha ushuru. Florentine aliweka mawe juu ya vifuniko vya sufuria akaendelea kupika.

Kilichomshtua ni sufuria zenyewe. Bukari iliyokuwa ikiwatosha hadi jioni iliisha kabla watu hawajanawa mikono, na bado walikodoa macho. Aliongeza unga, ukaisha. Gunia lilinyauka kwenye kona kama vile kuna msiba wanalisha watu. Hénock ndiye aliyeeleza, kwa sauti ya mtu anayejua mashine.

"Lori ikipigana na mupepo, inakunywa mazout mingi," alisema. "Sasa ni sisi njo tunapigana nayo. Njo maana tunakula hivi."

Hakuna aliyebisha. Watu wazima walizoea kuegemea mbele wakitembea chumbani, wakavumilia njaa yao. Gloire hakuweza. Alikuwa mdogo, na kutoka kitandani hadi mlangoni kulimmaliza. Akifika, chakula cha asubuhi kilikuwa kimekwisha mwilini. Alikula sahani sawa na ya baba yake na nguo zikazidi kumpwaya. Mama Mbelu, mjane wa nyumba ya nyuma, aliyefika Kolwezi mgongoni mwa mama yake enzi baba yake alipoletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, alimletea uji wa karanga kila siku bila kuombwa. Uji nao ulikwenda na upepo. Florentine aliogopa. Ni ile hofu ya mama ambaye kila akimwinua mtoto anampima kwa mikono, na jibu analijua kabla hajamwinua.

Alikwenda kulalamika, na kampuni, ambayo husifiwa kwa kusikiliza watu, ikamtuma injinia Barnabé na kifaa chake cha kuzunguka, cha kupimia upepo. Barnabé alisimama katikati ya jiko, tai ikimpiga usoni, akasubiri kifaa kitulie.

"Hii ni mupepo yetu," alisema, na alionekana kuridhika.

Akaeleza kwa upole kwamba, kwa kuwa upepo ni mali ya kampuni, kuutumia kuanikia nguo au kupepetea mahindi kungehitaji ruhusa. Kuishi ndani yake hakuhitaji ruhusa yoyote; hilo kampuni ilikuwa imewaachia bure. Habari ya kuondoa kofia haikuwezekana, kwani kampuni ilikuwa imepewa kombe huko ng'ambo kwa kuihurumia hewa. Kisha akala bukari waliyomkaribisha, akaomba aongezwe, akaenda zake.

Basi Florentine akamwita Dimitri aje aifungie nyumba kofia. Dimitri hakuuliza kwa nini. Alikuja Jumapili baada ya ibada na bati alilolifua kutoka pipa kuukuu, akapanda juu ya paa, akatoboa, akaweka vipande vya mpira. Kisha akashika uzi.

"Nyuma kuko nini?" aliuliza kutoka juu.

Lilikuwa swali la kazi. Kofia haipimwi kwa kilicho chini yake. Hupimwa kwa kinachofuata nyuma.

"Kuko kwa Mama Mbelu," Florentine alijibu.

Dimitri akavuta uzi hadi paa la Mama Mbelu, ambalo lilikuwa turubai lililokandamizwa kwa matofali. Akafumba jicho moja. Akajaribu tena kwa jicho la pili.

"Pengo ni mukubwa," alisema. "Kwa lori, tela iko karibu, mupepo inaruka yote. Hapa itaanguka mu kati. Itaanguka kwake."

Dimitri hajazoea kunong'ona. Mama Mbelu alikuwa uani kwake akichambua sombe, majani ya muhogo, na alisikia kila neno. Aliinua uso, mkono ukiwa bado kwenye majani, akangoja. Florentine aliutazama uso ule, kisha akageuka kumtazama Gloire, ambaye alikuwa ameshika mguu wa meza kwa mikono miwili ili asisukumwe ukutani.

"Kaza," akasema.

Dimitri akakaza. Jikoni mkatulia hivi kwamba moto wa makaa ulisikika ukilia. Mchana huo Gloire alikula nusu sahani, akaisukuma iliyobaki, akasema ameshiba. Florentine alikaa mbele ya ile bukari iliyobaki akalia, kwa furaha kwanza, halafu kwa lile lingine.

Majirani waliona, na mstari mzima wa kando ya barabara ukavaa kofia. Zilipendeza, kusema kweli. Dimitri aliboresha mkono kila nyumba. Ila barabara imepinda pale, na upepo wa nyumba zote uliteleza nyuma na kukusanyika uani kwa Mama Mbelu. Turubai lake halikuwa na pa kushika hata msumari, seuze kofia. Watu wote walimpelekea chakula. Sisemi kwa kejeli: hapakuwa na mtu mbaya mtaani pale. Alikula vyote, akashukuru, akapungua, na asubuhi moja alipokuwa akifagia uwanja miguu yake ikaacha ardhi. Hénock ndiye aliyemshika. Akamfunga kiunoni, juu ya kitenge, kwa ile kamba ya kukokotea malori yaliyoharibika, na ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo ya mlango. Tangu hapo Mama Mbelu anakaa juu.

Mkubwa wa kampuni alipokuja na wapiga picha, aliguswa kuona wananchi wamepokea teknolojia kwa hiari yao. Akagawa fulana. Alipoinua macho akamwona Mama Mbelu hewani, alimuuliza Barnabé kama yule bibi hawezi kugusa nyaya za umeme. Barnabé akamhakikishia kwamba nyaya zile hazijawahi kuwa na umeme. Mkubwa akampungia Mama Mbelu mkono, na Mama Mbelu, ambaye alilelewa vizuri, akamrudishia.

Chakula chake cha mchana hupelekwa na Florentine. Husubiri malori yajae kwenye kizuizi na upepo ulegee, kisha huvuta kamba pole pole hadi bibi aketi kwenye kigoda, na humkalia magotini ili asipae akila. Juzi alimletea bukari na sombe.

"Mutoto anakula?" Mama Mbelu aliuliza.

"Anakula, mama. Anabakiza ata."

"Njo muzuri." Akamega tonge. "Ile siku ulisema akaze, mi nilisikia."

"Najua, mama."

Mama Mbelu akalichovya tonge, akalila.

"Sombe haina mafuta," alisema.

Florentine aliona aibu, akasema kesho ataongeza. Huko barabarani kizuizi kilifunguliwa, malori yakaanza kunguruma, na kamba ikakaza mkononi mwake. Lori la Hénock lilikuwa la mbele. Lilipofika kwenye kona alipiga honi kuisalimu nyumba yake, kama afanyavyo siku zote. Florentine alimpungia kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa akiachia kamba kidogo kidogo.