Nimekusikia, Mama

Mkufunzi alinipa kadi bila kuniangalia usoni. Ilikuwa imechapwa vizuri, kwa herufi kubwa: WEWE NI MAMA MKOROFI. HUKUSOMA. UMEKUJA SHULENI KUPIGA KELELE. MWALIMU MKUU ATAKUTULIZA.

Nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtoto akiwa mgongoni, kwa hiyo lile la "hukusoma" liliniuma. Lakini niliipokea kadi. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya Mwalimu.

Mwalimu ndiye aliyenifundisha jioni zile. Mchana alikuwa na watoto, jioni alikuwa na sisi tuliokatishwa shule na mimba, ndoa na shida, na binti yangu akilia alimchukua yeye, akamweka kiunoni na kuendelea kuandika ubaoni. Amekula chaki miaka mingi mpaka sauti imeanza kukwaruza. Sasa yeye na walimu wengine wakongwe walikuwa wamechaguliwa kufundishwa ukuu wa shule, ili wapelekwe kwenye mitaa kama yetu, kwenye shule ambazo makaratasi ya mafunzo yanaziita "shule zenye uhitaji mkubwa." Akifaulu, angepewa shule anayosoma binti yangu, ambayo tangu mkuu wake ahamishwe ilikuwa kama nyumba isiyo na mwenyewe.

Siku hiyo ulikuwa mtihani wa mwisho, na mtihani wenyewe ulikuwa igizo. Mwalimu anakaa nyuma ya meza, mzazi anaingia amewaka, mwalimu anamtuliza. Walihitaji wazazi wa kweli wa kuigiza, na Mwalimu akanipendekeza mimi.

"Njoo unigombeze, mwanangu," aliniambia kwa simu, akicheka. "Miaka yote nimekugombeza mimi."

Nami nilicheka. Asubuhi ile nilikuwa na matumaini tele, hata nikavaa gauni la kutokea.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, feni iliyokuwa ikizunguka kwa kulalamika, na ukutani karatasi kubwa yenye maneno mekundu: Msikilize. Rudia maneno yake. Mshukuru. Usiahidi chochote. Mkufunzi, kijana nadhifu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, aliligonga lile la mwisho kwa kalamu.

"Hapa ndipo wengi wanapoanguka," aliwaambia walimu. "Ukiahidi, umekwisha."

Nikaingia, nikapiga kelele za kwenye kadi. Nikabuni na kisa, eti mwanangu kaibiwa daftari. Mwalimu, nyuma ya meza, akaitikia kwa upole. Wenzake wakacheka chinichini, maana nilikuwa naigiza vibaya kama mtoto wa chekechea.

"Mama, weka moto!" mkufunzi akasema. "Fikiria jambo linalokuudhi kweli."

Heri angenyamaza.

Nikailaza kadi kifudifudi mezani. "Mwalimu, mwanangu hanywi maji."

Mwalimu akainua macho.

"Asubuhi hanywi, mchana hanywi. Choo cha wasichana hakina hata mlango mmoja. Imeng'olewa yote, na wavulana wanapita palepale wakienda uwanjani, wanachungulia, wanawatungia nyimbo. Mtoto mdogo vile anabana mkojo kutwa nzima! Juzi kashikwa na homa, akikojoa analia, nimemkimbiza zahanati. Muuguzi ananifokea mimi, wewe mama gani humnyweshi mtoto maji? Mimi! Nimekuja hapo shuleni, naibu wenu ananiambia suala limepokelewa. Limepokelewa na nani? Linakaa wapi? Mbona choo cha walimu kina mlango, kina komeo, kina hata sabuni?"

Sikuwa naigiza tena. Machozi yalikuwa yananitoka, yale machozi ya hasira ninayoyachukia kwa sababu watu wakiyaona wanadhani ni huzuni.

Mwalimu alikuwa ameshika kalamu. Niliona anavyoibana mpaka kidole gumba kikageuka rangi, nikajua amenielewa. Anamjua yule mtoto. Nikasubiri.

"Nimekusikia, mama," akasema, kwa sauti laini ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Unasema choo cha wasichana hakina milango, na mtoto hanywi maji. Nakushukuru sana kwa kuja. Tutalifanyia kazi."

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Mmeona?" mkufunzi akasema, anameremeta. "Mama amewaka, mwalimu amepoa. Na ile 'tutalifanyia kazi' mmeisikia? Siyo ahadi, lakini inafanana nayo. Safi kabisa."

"Na mama huyu naye apewe cheti," akadakia mwalimu mmoja mwenye kitambi. "Analia kama kweli!"

Wakaangua kicheko. Nikachukua pochi yangu, nikatoka.

Mwalimu alinikuta kwenye korido, anahema.

"Mwanangu, subiri."

"Usiniite mwanangu."

"Nisikilize kwanza."

"Si wewe ndiye wa kunisikiliza? Au nimekosea mpangilio?"

"Ulitaka nifeli?"

"Nilitaka unijibu!"

"Ningekujibu mle ndani ningefeli!" Sauti yake ya kawaida ilikuwa imerudi, ile ya kukwaruza. "Na nikifeli wanawaletea mtu ambaye hata njia ya kwenda mtaani kwenu hajui. Halafu wewe, kwa nini hukuniambia mapema? Mtoto niliyembeba mimi!"

"Kwa sababu nilikuwa nakusubiri. Nilijisemea, Mwalimu akikalia kile kiti, mambo yatakwisha. Leo nimekuona ukikikalia."

Hilo lilimwingia. Nilimwona akilimeza, wala sikumhurumia.

"Wakishakupa shule, nitakuja," nikasema. "Nitayarudia haya haya. Na siku hiyo usinishukuru."

Wakampa shule. Jumatatu aliyoripoti, nilimfunga binti yangu kamba za viatu, kikombe chake cha maji kikiwa mezani kimejaa kama nilivyokiweka. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka inachanika.

Mume wangu, ambaye ni seremala, alikuwa anakusanya vifaa vyake mlangoni. "Unaenda kumsalimia Mwalimu au kugombana naye?"

"Vyote viwili."

"Basi anza na salamu," akasema. "Ukianza na ugomvi, salamu hutaikumbuka."

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na mlango wa mbao nzito, umepigwa vanishi, na kibao cha shaba: MWALIMU MKUU. BISHA HODI. Niliutazama muda mrefu kabla ya kugonga. Nikafikiria nani aliamua, siku ile mbao zilipoletwa, mlango uende wapi.

Nikaingia, nikasalimia, kisha nikayasema yote tena, tangu maji mpaka sabuni. Mara hii sikulia.

"Nime..." Mwalimu akaanza, akaacha. Akajifuta uso kwa viganja. "Nimekwenda leo alfajiri kukiona choo chenyewe. Halafu nikapiga simu ofisi ya elimu. Wanasema milango iko kwenye bajeti ijayo."

"Kwa hiyo mwanangu abane mpaka bajeti?"

"Sijasema hivyo!"

"Sema basi unachosema!"

"Nasema sina mbao! Sina fundi! Nina barua tu!" Akapiga meza mpaka kikombe cha kalamu kikapinduka. "Unadhani wewe tu ndiye mwenye hasira hapa? Nimefundishwa miezi yote ile jinsi ya kukaa kwenye kiti hiki na uso mzuri. Hakuna hata siku moja waliyonifundisha kupata mlango!"

Tukabaki tunatazamana, wote wawili tunahema kama tuliofukuzwa na mbwa. Kisha yeye akatazama nyuma yangu. Akatazama kwa muda. Akainuka, akaenda kuushika mlango wa ofisi yake, akausukuma huku na huku, bawaba zikalia.

"Mumeo yuko wapi saa hii?"

"Kwenye kazi zake."

"Mpigie. Aje na bisibisi. Na msumeno."

Mlinzi wa shule, mzee anayependa utaratibu, alikuja mbio aliposikia milio ya nyundo. "Mwalimu! Ofisi bila mlango? Hii ni mali ya serikali!"

"Kwani inatoka nje ya geti, mzee wangu?" Mwalimu alikuwa ameshika upande mmoja wa mlango, mume wangu upande wa pili. "Inahama chumba tu. Shika hapo katikati, wewe una nguvu."

Mzee akashika, huku akinung'unika njia nzima.

Mlango ulikuwa mpana kuliko nafasi ya choo. Mume wangu akaukata ubavuni, akaupiga randa, na bado ukawa unagoma chini, mpaka uunyanyue kidogo ndipo ufunge. Komeo alilitoa kwenye sanduku lake. Kibao cha shaba hakuna aliyekumbuka kukitoa. Mchana ule wasichana walijipanga pale wakigonga mmoja mmoja: "Hodi, Mwalimu Mkuu!" Na mwenzao kutoka ndani anajibu kwa sauti nzito, "Subiri, niko kwenye kikao!"

Wiki hiyo hiyo mkufunzi alikuja kukagua wahitimu wake. Nilimwona uani, amesimama mbele ya lile tundu la ofisi, anatafuta pa kubisha. Ndani kulikuwa na akina mama wanne, wote wanasema kwa pamoja, na Mwalimu naye anasema, hana uso mzuri hata kidogo. Mkufunzi akatoa karatasi yake, akaandika kitu. Sijui alimpa alama gani, wala sitaki kujua.

Kesho yake asubuhi nilimimina maji kwenye kikombe, kama kila siku. Binti yangu akakitazama, kisha akakichukua kwa mikono miwili, akanywa. Nilijifanya natafuta sega. Alipofika katikati akakirudisha mezani.

"Malizia, mama."

"Nusu tu," akasema. "Mlango ni mmoja. Foleni ndefu."

Nikazitengeneza nywele zake, nikamvalisha begi. Kisha nikavaa viatu vyangu na mimi.