Nafasi ya Watu Saba

Jumanne alasiri, mwaka 1998, Protais alikuwa anafuta vumbi kwenye skana ya ofisi ya kutafuta waliopotea kwenye mauaji, pale Gisenyi, Verediane alipoingia na picha. Ndiyo pekee aliyobaki nayo: mama, baba na wadogo zake watano, bega kwa bega. Yeye hakuwamo, maana ndiye aliyeshika kamera.

Programu ya ndani kabisa, ile inayoendesha skana, Protais aliiandika mwenyewe aliporudi kutoka Tanzania. Kompyuta ilikataa picha.

"Iko imejaa?" aliuliza Verediane.

"Haijajaa, dada. Nafasi ya kumbukumbu ipo tele, ila imekatikakatika. Programu yangu inataka moja ndefu, isiyokatika. Asubuhi, mashine ikiwashwa tu, hupatikana. Saa hizi imeshagawiwa."

Watu wa kwenye picha walichoka kungoja. Walishuka mezani wakakaa kwenye benchi la wageni, wote saba. Baba aliomba maji, akaletewa.

"Kosa ni langu," alisema Protais. "Nimeomba kikubwa kwa mkupuo. Niwaweke mmoja mmoja, kila mtu pake, niandike orodha ya nani yuko wapi. Kwenye kioo wataonekana pamoja."

"Tena munabatenganisha!" Verediane alilia, jamani, alilia sana. "Bon, haya. Andika."

Kila aliyeitwa alitaja mahali pake, akaingia kwenye mashine. Mama yuko Kanzenze, chini ya viazi vya jirani. Baba yuko Nyundo, kwenye mtaro. Kabatesi, kitinda mimba, hakujua jina la kilima.

"Mi niko karibu na mikaratusi tatu," alisema.

Picha ikatokea nzima.

Kesho yake Verediane aliipeleka orodha kwa karani wa makaburi, akaomba nafasi saba za pamoja. Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karani tu. Alifunua daftari. Nafasi zipo, alisema, moja huku, moja kule. Saba zinazofuatana hakuna.

"Ungekuja mwanzoni, mama, kabla hazijagawiwa."

"Mwanzoni mi nilikuwa nimejificha," alisema Verediane.

Siku hizi huwatembelea kwa kufuata orodha, Jumapili moja mtu mmoja, kisha huanza tena juu. Jumapili ya saba, ya Kabatesi, huondoka mapema na chupa ya maji. Mikaratusi iko kila kilima, naye huihesabu mitatu mitatu.